Bunia: Kadi ya kura ipo, chama hakipo

Kadi za kupigia kura zilizotolewa mwaka 2023 zilianza kufutika kabla hata siku ya uchaguzi haijafika. Baada ya miezi michache mwenye kadi aliitoa mfukoni akakuta jina limepauka, picha imebaki kivuli na tarehe ya kuzaliwa haisomeki. Malalamiko yalitoka pembe zote za Kongo, na Tume ya Uchaguzi, CENI, ikalazimika kutoa kadi nyingine kwa waliopoteza maandishi yao.

Kwa mtu wa Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri, hilo halikuwa jambo dogo. Kwa miaka mingi raia wa kawaida hajawa na kitambulisho kingine. Kadi ya kura ndiyo anayomwonyesha askari kwenye kizuizi cha njia ya Komanda, ndiyo anayosajilia laini ya simu, ndiyo anayoulizwa akienda benki. Katika mji ulio chini ya utawala wa kijeshi, mtu akikamatwa usiku hana karatasi, ana kesi. Kwa hiyo zile foleni ndefu za kujiandikisha mwanzoni mwa 2023 zisimdanganye yeyote. Wengi waliopanga mstari walitaka karatasi ya kupitia kizuizini, na kura yenyewe ilikuwa nyongeza.

Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu mji huuhuu uliwahi kupiga kura kwa moyo wote. Tarehe 30 Julai 2006 Bunia ilikuwa na miaka mitatu tu tangu Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka na wanamgambo wakaanza kupigania mitaa. Mamia ya raia waliuawa, na maelfu walijazana kandokando ya kambi ya MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, na uwanja wa ndege, hadi kikosi cha Umoja wa Ulaya kikiongozwa na Wafaransa kilipowasili mwezi Juni. Watu waliozikana mwaka 2003 ndio waliopanga mstari mmoja mwaka 2006. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa nchi nzima baada ya zaidi ya miaka 40, na wazee waliokuwamo mstarini walikuwa na sababu ya kuuthamini. Walikumbuka kura ya 1970, wakati wa Mobutu, ambapo karatasi ya kijani ilikuwa ndiyo na nyekundu ilikuwa hapana, na matokeo rasmi yakatangaza kwamba katika nchi nzima waliosema hapana ni watu 157.

Mashariki ilimpa Joseph Kabila kura zake kwa wingi. Alikuja na chama chake cha PPRD na ahadi za kazi tano kubwa, yaani barabara, ajira, elimu, maji na umeme, na afya. Ituri iliamini. Kitaifa, waliojitokeza mwaka huo walikuwa kama asilimia 70 ya walioandikishwa. Mwaka 2011 walishuka hadi kama 59, mwaka 2018 wakafika chini ya 48, na Desemba 2023 ni asilimia 43 hivi. Chini ya miaka 20, zaidi ya robo ya wapiga kura wamejiondoa mmoja mmoja, bila mgomo wala tangazo.

Viongozi wakisikia takwimu hizo husema raia hana elimu ya uraia, afundishwe umuhimu wa kura. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu wa Bunia anaijua siasa kuliko anavyodhaniwa. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Tuifuate hesabu hiyo. Januari 2011, miezi michache kabla ya uchaguzi, katiba ilibadilishwa na duru ya pili ya kura ya rais ikafutwa. Tangu hapo mtu anaweza kuingia ikulu akiwa amekataliwa na wapiga kura wengi zaidi ya waliomkubali. Uchaguzi wa Desemba 2018 ukathibitisha: Félix Tshisekedi wa chama cha UDPS alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57. Baraza la Maaskofu Katoliki, CENCO, lililokuwa na waangalizi karibu 40,000, likasema matokeo hayo hayalingani na yale lililoyakusanya. Mahakama ya Katiba ikayapitisha. Rais mpya akaapishwa, na bunge likabaki mikononi mwa FCC, muungano wa Kabila, wenye zaidi ya viti 300 kati ya 500. Waliokuwa maadui jukwaani wakagawana serikali.

Halafu ikaja Desemba 2020. Rais alivunja ushirika na FCC na kutangaza Muungano Mtakatifu wa Taifa. Katika wiki chache wabunge kwa makumi, kisha kwa mamia, wakahama na viti vyao. Ilhali ibara ya 110 ya katiba ya Kongo inasema wazi kwamba mbunge anayekihama chama chake kwa makusudi kabla ya muhula kwisha anahesabiwa kuwa ameuacha ubunge. Januari 2021 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba mbunge yuko huru kufuata dhamiri yake. Hakuna aliyepoteza kiti. Aliyempigia kura mbunge wa Kabila akajikuta ana mbunge wa Tshisekedi, na wala hakuulizwa. Mwaka huohuo wabunge wote 500 wakapewa magari mapya aina ya Hyundai Palisade. Mwalimu wa Djugu, hapa Ituri, aliyesikia habari hiyo kwenye redio alikuwa akifundishia chini ya hema.

Baada ya hapo utamlaumu nani akisema wote ni wale wale?

Kwa Ituri kilichofuata ni kikubwa zaidi. Tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Gavana Jean Bamanisa, aliyechaguliwa mwaka 2019, akaondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Luteni Jenerali Johnny Luboya N'Kashama. Bunge la jimbo likasimamishwa. Raia wakawa wanapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi hata kwa kesi zilizokuwa za mahakama za kawaida. Katiba inaruhusu siku 30, kisha nyongeza za siku 15 zinazoidhinishwa na bunge la taifa. Siku 15 zikaongezwa siku 15 nyingine, na nyingine, miaka ikapita.

Nikiri kwamba mwanzoni wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Wanamgambo wa CODECO walikuwa wamechinja Djugu tangu mwisho wa 2017, waasi wa ADF walikuwa wameshafika hadi Irumu na Mambasa, na watu walikuwa tayari kubadilishana bunge kwa usingizi wa usiku mmoja. Walichopata ni kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo kuvamiwa Februari 2022 na watu wapatao 60 kuuawa, wengi wakiwa wanawake na watoto. Wakapata kambi ya Lala, Juni 2023, watu zaidi ya 40. Wakapata Komanda, Julai 2025, ambako waumini waliokuwa kanisani usiku waliuawa na ADF. Yote haya yalitokea chini ya utawala wa dharura. Askari nao wamekufa na wanaendelea kufa, na damu yao haifai kubezwa. Lakini kipimo cha utawala ule kilikuwa usalama, na kwa kipimo hicho umeshindwa. Agosti 2023 wajumbe wa majimbo haya mawili waliitwa Kinshasa kwa mazungumzo kuhusu suala hili, na wengi wao walitaka uondolewe. Oktoba rais akaahidi kuulegeza hatua kwa hatua.

Hivyo ndivyo Bunia ilivyoingia kwenye uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023: gavana ni jenerali, bunge la jimbo limefungwa, wakimbizi wa ndani wamejaa kambi ya Kigonze na viwanja vingine vya mji. Mtu ambaye kijiji chake kimechomwa alitakiwa apige kura akiwa kwenye hema la turubai. Siku hiyo wakimbizi waliandamana wakisema warudishwe kwao kwanza, kura baadaye. Kituo cha kupigia kura kilivamiwa na vifaa vikaharibiwa, na askari wakapiga risasi hewani kuwatawanya. Habari hiyo ilisomwa duniani kama vurugu za uchaguzi. Mimi niliisoma kama hoja ya kisiasa iliyo wazi kuliko hotuba zote za kampeni, maana ilitaja kile ambacho serikali inadaiwa na ikataja kwa mpangilio: usalama kwanza, makazi, halafu kura.

Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73, na Muungano Mtakatifu ukachukua viti zaidi ya 400 vya bunge la taifa. Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine, baadhi yao wakiwa mawaziri na magavana. Mwaka huo majimbo mengine yalichagua magavana wao. Ituri na Kivu Kaskazini hazikuchagua. Watu wa Bunia walikuwa wamepiga kura ya wabunge wa jimbo sawa na watu wa Lubumbashi au Kananga. Kwa wengine kura hiyo ilizaa gavana, na Bunia jenerali akaendelea kukaa.

Sasa tuvitazame vyama vyenyewe, kwa sababu wanasiasa wetu hupenda kuishia kwenye vita kana kwamba vita ndiyo sababu ya kila kitu. Kongo ilikwenda kwenye uchaguzi wa 2023 ikiwa na vyama zaidi ya 900 vilivyosajiliwa. Watu zaidi ya 20,000 waligombea viti visivyofika 500 vya bunge la taifa. Kwa wingi huo ungetegemea kila mtaa wa Bunia, kuanzia Lumumba hadi Mudzipela, uwe na tawi la chama linalokutana kila mwezi. Tafuta. Utakuta kibao kilichochakaa juu ya mlango uliofungwa kwa kufuli, na jirani atakwambia mwenyewe yuko Kinshasa.

Kampeni ikifika, mambo hubadilika kwa mwezi mmoja. Boulevard de la Libération hujaa motari wanaopiga honi, kila mmoja amejaziwa petroli na kupewa noti chache. Fulana zinagawiwa, kofia zinagawiwa, akina mama wanapewa vitenge vyenye sura ya mgombea. Kwenye mabango kuna picha kubwa, namba ya kubonyeza kwenye mashine ya kura, na chini kabisa herufi nne au tano za jina la muungano ambalo hata mgombea mwenyewe huenda hajalizoea. Sababu yake ni sheria ya asilimia moja: orodha isiyofikisha asilimia moja ya kura za nchi nzima haipati kiti hata kama mgombea wake ameongoza kwao. Basi vyama vidogo hujibandika kwenye miungano, na mfanyabiashara wa Bunia anaweza kugombea chini ya bendera iliyoshonwa Kinshasa wiki ileile. Kura zikishahesabiwa, fulana huendelea kuvaliwa shambani miaka mitatu. Ofisi hufungwa mwezi wa kwanza.

Chama cha namna hiyo hakihitaji mwanachama. Hakimtozi ada, hakimwiti mkutanoni, hakimuulizi nani asimame. Mwanzilishi ndiye anayekigharamia, kwa hiyo ni mali yake, na akipata uwaziri kazi ya chama imekwisha. Iko sheria ya mwaka 2008 ya kuvipa vyama ruzuku ya serikali kwa masharti. Ingetekelezwa kwa dhati, ingalau chama kingelazimika kuonyesha hesabu zake na viongozi wake. Haijatekelezwa hivyo, na wenye nguvu hawana haraka, kwa kuwa chama chenye wanachama kinaweza kumfukuza mwenye chama.

Hapo ndipo ukabila unapojazia. Watu wa nje huandika kwamba Wahema, Walendu, Waaluri, Walugbara, Wabira na wengine hupiga kura kikabila kwa sababu ndivyo walivyo. Si kweli. Katika nchi ambayo mbunge anahama usiku na chama hakina mlango, kitu pekee ambacho mpiga kura anaweza kumdai mgombea ni undugu. Ndugu atakuja msibani. Ndugu ataona haya. Katika jimbo lililozika makumi ya maelfu kati ya 1999 na 2003, mbunge wa kabila lako ni bima pia, maana akikosekana wa kwenu Kinshasa unaogopa sheria zitakuja na risasi. Chama cha kweli kingemsaidia mtu avuke woga huo kwa kumweka Mhema na Mlendu kwenye kamati moja ya kudai barabara ya Mahagi. Vyama vyetu vimeona ni rahisi kuutumia woga.

Barabara ya Mahagi naitaja kwa makusudi, kwa sababu kushuka kwa taifa mtu wa hapa hakusomi vitabuni. Kinshasa iko karibu kilomita 1,800, na njia ya uhakika ya kuifikia ni ndege. Ziwa Albert halifiki kilomita 60, na ng'ambo yake ni Uganda, kunakotoka sehemu kubwa ya bidhaa zilizoko madukani. Ukienda Aru sokoni, shilingi ya Uganda inapokelewa kama faranga, na wakati mwingine kwa furaha zaidi. Dhahabu inayochimbwa Mongbwalu na vijiji vya jirani, kama ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinavyosema mwaka baada ya mwaka, kwa wingi wake huvuka mpaka kimagendo na kuishia Dubai. Uganda, yenye migodi michache, imefikia kuhesabu dhahabu kuwa bidhaa yake ya kwanza ya kuuza nje. Kampuni ya serikali ya Kilo-Moto, iliyoanzishwa 1926 na leo ikiitwa SOKIMO, imewaacha wafanyakazi wake wakidai mishahara kwa miaka. Mtambo wa umeme wa Budana ulijengwa na Wabelgiji kwa ajili ya migodi hiyo, na mji uliokuja kukua mara nyingi zaidi ukaendelea kuutegemea. Kijana anayezaliwa Nyakasanza leo hana kumbukumbu ya serikali iliyojenga kitu kikubwa hapa. Anachokijua ni paneli ya jua aliyoinunua baba yake.

Nisiwe mchoyo: elimu ya msingi bure iliyoanza Septemba 2019 iliingiza darasani watoto waliokuwa nyumbani kwa kukosa karo, na wazazi wa Bunia wanaikumbuka. Ndiyo sababu nasema watu hawa hawajakata tamaa na siasa. Wakiona kitu wanakitambua.

Tatizo la kuchoka na vyama halipo Kongo tu. Kenya, waliojitokeza walishuka hadi kama asilimia 65 mwaka 2022, na miaka miwili baadaye vijana wasio na chama waliingia barabarani kupinga muswada wa fedha. Tofauti ni kwamba kijana wa Nairobi aliyechoka na vyama alikuwa na barabara ya kuandamana. Kijana wa Djugu aliyechoka na vyama anafuatwa na bunduki. Mwaka 2025 Thomas Lubanga alitangaza vuguvugu jipya, CRP, akisema analenga kuleta mabadiliko Ituri. Huyu ndiye aliyehukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012, kifungo cha miaka 14, kwa kuwaandikisha watoto jeshini, akaachiwa 2020, kisha serikali ya Kinshasa ikamtuma Djugu kuwashawishi CODECO waache silaha, nao wakamshika mateka Februari 2022. Pale chama kinapokufa, hiki ndicho kinachochukua nafasi yake: herufi tatu mpya, tamko, na watoto wa watu msituni. Bunia ilishauona mwisho wa njia hiyo Mei 2003.

Wakati huohuo mjadala mkubwa wa wakubwa ni mwingine. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, rais alitangaza tume ya kuandaa katiba mpya, na tangu siku hiyo vyama vimegawanyika kati ya wanaotaka ibadilishwe na wanaotaka ibaki. Katiba iliyopo inasema gavana huchaguliwa na bunge la jimbo, mbunge anayehama amejiuzulu, na dharura ni ya muda. Kwa Ituri haijawahi kujaribiwa ipasavyo ili tujue kama inafaa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye kadi, zilizofutika na zisizofutika, ni dogo na linaweza kuanza kabla ya mgombea yeyote hajashuka uwanja wa ndege wa Murongo na masanduku ya fulana. Wabunge wa Ituri walioko Kinshasa hushiriki kila utawala wa dharura unapoongezwa bungeni. Waulizeni, kwa majina, kila siku 15: umeunga mkono au umekataa, na kwa sababu gani? Ulizeni kwenye redio, parokiani, msikitini, kwenye mkutano wa chama cha motari. Wadaini bunge la jimbo mlilolipigia kura lifanye kazi na gavana apatikane kwa kura. Na atakayekuja kuwaomba chochote, mwambieni kwanza awaonyeshe ofisi iliyo wazi na daftari la wanachama wanaolipa ada, hata kama ni faranga mia tano kwa mwezi. Kwa mujibu wa katiba uchaguzi ujao ni mwishoni mwa 2028. Chama kisichokuwa na mlango wazi Bunia kufikia 2027 hakistahili kura ya mtu wa Bunia.